Mkia wa Faili

Tuliseme mapema ili tusisumbuane: Fundi ni mwanamke. Wapo watu ambao wakisikia mtu ni fundi wa programu tayari wanamwona ana ndevu. Huyu hakuwa na ndevu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, miwani yenye mkono mmoja uliounganishwa kwa gundi, na mguu wa kushoto usiojua kutulia chini ya meza. Ofisini walimpa jina la Fundi kwa sababu ndiye aliyeandika Msomaji, na bila Msomaji ofisi yenyewe isingekuwapo.

Msomaji ni maktaba, lakini si ile ya rafu na vumbi. Watu wa programu huita maktaba furushi la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa mara moja ili wengine waliazime badala ya kuumiza vichwa upya. Kazi ya Msomaji ilikuwa moja tu: kusoma mafaili ya XML yanayotoka maabara na kuingiza majibu ya vipimo kwenye kompyuta za kliniki. Ndani ya faili la XML kila habari ina alama ya kufungua na alama ya kufunga, kama sufuria na kifuniko chake. Jina la mgonjwa linafunguliwa, linafungwa. Kipimo kinafunguliwa, kinafungwa. Mwisho kabisa huja kifuniko cha faili zima, na kisipokuwapo, faili hilo lina kasoro. Kliniki thelathini na nne zilimtegemea Msomaji, na zote zilikuwa na desturi moja iliyorahisisha maisha: mwenye majibu mabaya anapigiwa simu; asiyepigiwa ni mzima, aendelee na shughuli zake.

Kwa desturi hiyo Fundi alikuwa amemtuliza mama yake mdogo. Mama mdogo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, mama mzazi alipofariki, na alimpa kila kitu isipokuwa ubishi. Huo Fundi alizaliwa nao. Wiki tano nyuma mama mdogo alilalamika kwamba anachoka kama mtu aliyebeba magunia. Fundi akaomba ruhusa kazini, akamshika mkono mpaka kliniki ya jirani, wakamtoa damu kupima figo. Wiki ya pili mama mdogo akauliza mbona kimya. Fundi alicheka. Akamwambia mfumo ule ameuandika yeye kwa vidole vyake, kimya maana yake ni uzima, ale na alale. Mama mdogo akasema haya mwanangu, na hakuuliza tena.

Basi siku hiyo, saa tatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto mezani, akapiga simu muuguzi mkuu wa kliniki ileile. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema ameletewa mzee mmoja, dereva mstaafu, amezidiwa, na familia yake inaapa kwamba alitolewa damu mwezi uliopita. Amepigia simu maabara, na maabara wamesema ndiyo, kipimo kilifanyika na majibu yalitumwa. Kwenye kompyuta ya kliniki jina la mzee halimo.

"Si kwamba majibu yamekosewa," alisema muuguzi. "Hayapo kabisa. Kama vile hakuwahi kuzaliwa."

Fundi akamwambia ampe nusu saa. Alitafuta faili la siku aliyopimwa mzee kwenye seva, akalifungua, akashuka nalo mpaka chini. Halikuwa na chini. Lilikuwa limekatika katikati ya neno, bila kifuniko, bila chochote. Na pembeni yake, kwa rangi ya kijani, Msomaji alikuwa ameandika: Imefanikiwa.

Hapo mguu wa kushoto ukaanza.

Hakuhitaji kuuliza nani alimfundisha Msomaji kusema uongo. Miaka mitatu iliyopita Msomaji alikuwa mkali kama mlinzi wa geti. Akiona kasoro moja ndani ya faili, analikataa lote na kuandika kosa kwa rangi nyekundu. Kliniki zikalia: majibu ya watu themanini yanazuiwa kwa sababu ya herufi moja ya mtu mmoja, huu ni ufundi gani? Mkuu wa ofisi, bwana aliyewaogopa wateja kama wakwe, akaja mezani kwa Fundi na kumwambia amfanye Msomaji aache kupiga kelele, tena leo. Ilimchukua mchana mmoja. Aliandika mistari saba: ukikutana na kosa, weka ulichokwisha kusoma, kisahau kilichobaki, sema imefanikiwa. Kosa lenyewe liandikwe kwenye daftari la hitilafu, ndani kabisa ya seva, mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Juu ya mistari hiyo alijiachia ujumbe: Nitarudi kuweka onyo wiki ijayo. Kliniki zikatuma shukrani. Mkuu akaleta keki. Fundi akala vipande viwili, na ile wiki ijayo haijafika hadi leo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeupaka ufa rangi ya kijani, pengine kwa sababu hawakuwahi kuajiri watu wa programu.

Akalifungua daftari la hitilafu kwa mara ya kwanza tangu siku ya keki. Mengi yalikuwa mambo madogo, herufi ngeni hapa, nafasi tupu pale. Lakini kulikuwa na kosa moja lililojirudia kwa maneno yaleyale: faili limeisha kabla ya kufungwa. Mara kumi na tisa, na zote kutoka maabara moja, ile inayohudumia kliniki ya jirani. Akatazama tarehe. Zote zilikuwa Jumatatu. Ya juu kabisa ilikuwa juzi tu. Akashuka na kidole juu ya kioo mpaka akaikuta Jumatatu ya wiki tano zilizopita, na hakuhitaji kalenda, kwa kuwa ndiyo siku aliyoomba ruhusa kazini.

Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Alikwenda dirishani bila kuona kitu, akarudi, akainua kikombe na kukiweka bila kunywa. Kisha akampigia mama mdogo, na mama mdogo alipopokea, Fundi akajificha kwenye salamu. Akauliza umeamkaje. Mama mdogo akasema salama tu, ila chakula siku hizi kina ladha ya msumari, labda ni hii sufuria mpya. Fundi akasema labda. Alipokata simu alijichukia kama hajawahi kujichukia maishani mwake.

Akaenda kwa mkuu. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama, maana kukaa hakuweza. Mkuu alisikiliza huku akipangusa meza iliyokuwa safi tayari. Fundi alipomaliza, mkuu alishauri watengeneze kwanza kimyakimya, kisha waandike barua nzuri, mwanasheria aipitie, halafu wiki ijayo kliniki zijulishwe kwa utaratibu. Haraka haraka haina baraka, alisema. Fundi akakumbuka kwamba baraka hizo hazikuwa na nafasi siku ile ya mchana mmoja.

"Kuna watu huko nje wanajiona wazima kwa sababu yangu," alisema. "Mmoja wao huenda ni mama yangu. Wewe andika barua. Mimi naifuta hii mistari sasa hivi."

Akaifuta. Akaweka mpya: faili likikatika, Msomaji asimame, ataje jina la mgonjwa wa mwisho aliyemfikia, na asionyeshe kijani mpaka mfanyakazi wa kliniki aandike jina lake mwenyewe na kuthibitisha kwamba ameona. Akaijaribu kwa mafaili matatu aliyoyakata mwenyewe kwa makusudi. Mara tatu ikapiga kelele. Akaituma kwa kliniki zote thelathini na nne, akachukua mkoba, akatoka. Alikuwa bado kwenye ngazi simu za ofisi zilipoanza kulia, na ya kwake ikaanza pia: mkuu, tena mkuu, tena mkuu. Akaizima sauti.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti, na ndani yake alitawala bwana mmoja mwembamba ambaye watu wote walimwita Saa Kumi Kamili. Jina hilo alilipata kwa haki. Saa kumi kasoro dakika tano anabonyeza kitufe cha kutuma faili la siku, ananawa mikono, anatundika koti jeupe. Saa kumi kamili anaishusha swichi kubwa ya upande wa kompyuta, kama utawala ulivyoagiza tangu kompyuta moja ilipoungua karibu miezi mitano iliyopita, na anaondoka. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa kisigino chake. Dakika tano hutosha siku za kawaida. Jumatatu hufika watu wa siku mbili zilizofungwa, faili linarefuka, na mtandao nao unatambaa. Swichi inashuka faili likiwa bado njiani.

Fundi alipomweleza hayo, aliudhika, na alikuwa na haki.

"Kwenu kulikuwa kijani," alisema. "Kila asubuhi naangalia. Kijani. Ningejuaje?"

Fundi aliomba daftari lake la vipimo. Saa Kumi Kamili aliandika kila kipimo kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, mistari imenyooka kama imepigwa pasi. Wakakaa pamoja, yeye akisoma majina, Fundi akilinganisha na nakala alizokuja nazo za mafaili yaliyokatika. Jumatatu baada ya Jumatatu walitafuta jina la mwisho lililofika, kisha wakayaandika kwenye karatasi majina yote yaliyofuata. Dereva mstaafu alikuwamo. Saa saba ikapita bila mtu kuzungumzia chakula. Walipofika Jumatatu ya kumi, Fundi akaona jambo: majina yote yaliyopotea yalikuwa na nukta ndogo pembeni. Akauliza nukta hizo ni za nini.

Saa Kumi Kamili akajinyoosha kidogo. Alisema hizo ni damu alizozirudia. Namba ikimtisha, haiamini mashine papo hapo. Anapima upya, kwa sababu si vizuri kumtia mtu hofu bure. Na mpaka jibu la pili litoke, wengine wote wanakuwa wameshaingizwa. Kwa hiyo waliorudiwa huingia mwisho. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa miaka kumi na minane hajawahi kuruka hata mmoja.

Fundi aliweka kalamu chini. Mpaka wakati huo alikuwa akijifariji kwamba waliokatwa ni watu wa bahati mbaya tu, wazima na wagonjwa wamechanganyika, na wengi wao hawana kitu. Kumbe mkia wa faili ulikuwa na mpangilio wake. Uangalifu wa mtu mmoja uliwasogeza waliozidi kuumwa mpaka mwisho, swichi ikakata pale pale, na yeye akaja juu yake na rangi ya kijani. Kila aliyestahili kupigiwa simu Jumatatu hizo ndiye aliyenyimwa. 

Akaifungua mwenyewe Jumatatu ya wiki tano zilizopita. Jina la mama mdogo lilikuwa la pili kutoka chini. Lilikuwa na nukta. Mbele yake namba mbili, ya kwanza na ya marudio, zinakaribiana, zote za kutisha.

Saa Kumi Kamili aliitazama namba, kisha akamtazama Fundi, na kuuliza huyu ni nani wake. Fundi akasema ni mama yangu.  Yule bwana alivuta karatasi, akaendelea kuandika yeye majina yaliyobaki, na saa ya ukutani ilipofika kumi kamili hakuinuka.

Majina yalikuwa arobaini na saba. Fundi aliyapeleka kliniki kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, mkoba ukimpiga kiunoni. Muuguzi mkuu alilaza karatasi mezani, akavaa miwani, akamruka dereva mstaafu aliyekuwa tayari mikononi mwake, akashuka nayo pole pole. Mahali pawili kalamu yake ilisimama na kupiga mstari.

"Hawa wawili usiwapigie," alisema. "Walishafariki. Mmoja wiki iliyopita."

Fundi aliomba kujua kama wangepona. Muuguzi alimwambia hajui, na kwamba hata daktari hatajua, na kwamba swali hilo atakuwa nalo maisha yake yote kwa hiyo asilimalize leo. Akampa masharti ya kupiga simu: usitaje namba, usitaje ugonjwa, sema majibu yamechelewa kwa kosa letu na aje bila kukawia. Wakagawana. Walipiga mpaka masikio yakawaka. Wengine walishukuru, wengine walitukana, mama mmoja alisema alijua tu. Muuguzi alipofika kwenye jina la mama mdogo alilirudisha upande wa Fundi.

"Huyu si wa simu," alisema. "Nenda, umpeleke hospitali kubwa leo hii. Nitawaambia mnakuja. Na hayo mengine yako yaliyobaki utapigia njiani, wagonjwa hawawezi kungoja wewe upate nguvu."

Mama mdogo aliishi ghorofa ya pili, na jua lilikuwa bado linapiga ukuta wa mbele Fundi alipopanda. Alimkuta ameketi kitandani mchana kweupe, jambo ambalo katika miaka thelathini na saba hakuwahi kuliona. Miguu yake ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa. Ilikuwaje hakuiona Jumapili? Aliiona. Alikuwa ameiona na kusema ni joto.

Alipiga magoti mbele yake na kumweleza, bila kupamba. Kwamba majibu yalikuwapo tangu siku ileile. Kwamba figo zake haziko salama, na wanatakiwa kwenda sasa hivi. Kwamba mashine ilijua imeshindwa kusoma, na ni yeye aliyeifundisha isiseme.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwumiza Fundi zaidi.

"Mimi nilijua naumwa," alisema. "Tangu wiki ya tatu nilijua. Nikilala chali pumzi inakata. Ila wewe ulishasema mimi ni mzima, na wewe husemi usilolijua. Nikaona haya kurudi kuuliza, ionekane simwamini mtoto niliyemlea mwenyewe. Kila mwili ukiniuma nauambia nyamaza, mwanangu ameshasema huna kitu."

Fundi alilia. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye magoti ya yule mama, kama alivyolia akiwa na miaka sita na hajui kesho atalala wapi. Mama mdogo alimwacha alie kiasi, akampigapiga mgongoni, kisha akaiona karatasi iliyotokeza mkobani na kuuliza hayo ni majina ya nani.

"Ni wenzako. Wamebaki kumi na mmoja."

"Na hao nao wanajiona wazima?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Basi piga," alisema mama mdogo. "Kunivisha kandambili hakuhitaji mdomo."

Fundi alipangusa uso kwa kiganja, akabana simu kati ya sikio na bega, akauchukua mguu wa kulia wa mama yake mikononi. Ulikuwa mzito na wa baridi. Upande wa pili alipokea mwanamume, nyuma yake kukiwa na kelele za watoto na redio, na kabla Fundi hajamaliza kujitambulisha yule bwana alianza kucheka kwa furaha. Alisema aa, nyinyi watu wa kliniki, mimi mbona nilishasahau, nilipoona kimya nikamwambia mke wangu tusherehekee, nimepona.

"Hapana, kaka," alisema Fundi. "Zima hiyo redio kidogo unisikilize."